Mpelekee Wakili Karatasi Kabla Hujatia Sahihi: Mwongozo kwa Wenye Biashara Ndogo Mombasa

Wafanyabiashara wengi wa Mombasa humwona wakili mara mbili: wakinunua kiwanja na wakishtakiwa. Katikati hapo hupita miaka ya kukodi duka, kuajiri, kukopa benki, kuuza kwa mkopo, kuagiza kontena na kugawana faida na mshirika, na yote hayo huenda kwa neno la mdomo au kwa fomu iliyochapwa saiba. Mimi nafanya hesabu za maduka na karakana za hapa mjini, kwa hivyo karatasi hizo hunifikia zikiwa zimeshatiwa sahihi. Nikikuta kipengele kibaya, kilichobaki ni kupiga hesabu ya hasara.

Ndiyo maana humsisitizia kila mteja wangu jambo hili: pesa unayompa wakili kabla ya kutia sahihi hufanya kazi kubwa kuliko ile utakayompa ugomvi ukishazuka, na mara nyingi huwa ni kidogo zaidi. Zifuatazo ni hatua za kulifanya hilo, iwe biashara yako ni duka la vipuri Majengo, meza ya jumla Kongowea au saluni ya Bamburi.

Hatua ya 1: Tenganisha kazi yako na kazi ya wakili

Si kila jambo linataka wakili. Kusajili jina la biashara hufanyika kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara, BRS, nawe unaweza kujifanyia mwenyewe. PIN ya mamlaka ya ushuru, KRA, leseni ya biashara ya kaunti, usajili wa hifadhi ya jamii, NSSF, na wa bima ya afya ya wafanyakazi, zote hizo zinataka subira tu. Ukikwama, nenda Huduma Centre, utaonyeshwa dirisha.

Ila kabla hujabonyeza chochote, jua unachosajili. Jina la biashara ni jina tu: mbele ya sheria wewe na duka ni mtu mmoja, na duka likidaiwa unadaiwa wewe, pamoja na gari lako na kiwanja chako. Kampuni ni mtu wa pili kisheria, ina madeni yake na mali yake, na tangu Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015 hata mtu mmoja peke yake anaweza kuwa nayo. Hapa saa moja na wakili inatosha kukuonyesha kipi kinakufaa, kisha usajili ukaufanya mwenyewe.

Wakili mwite unapotaka kutia sahihi jambo litakalokufunga kwa muda mrefu, unapoingiza mtu mwingine kwenye mali yako, unapoweka mali rehani, na unapopokea barua yenye tarehe ya mwisho. Hili la mwisho halingoji. Barua ya namna hiyo isikae kwenye droo hata wiki moja.

Hatua ya 2: Panga faili kabla ya kwenda

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ofisini kwa wakili utaona maana yake. Unachonunua pale ni muda wake. Ukifika na mfuko uliojaa risiti, unamlipa akupangie risiti.

Beba nakala za cheti cha usajili, mkataba uliopo hata kama ni ukurasa mmoja, risiti za kodi, taarifa za M-Pesa za malipo yanayohusika, na barua zote pamoja na bahasha zake, kwa sababu tarehe ya kuipokea barua huwa na uzito. Mazungumzo ya WhatsApp yachapishe namba na tarehe zikionekana, na usifute yale yaliyo kwenye simu. Juu ya faili weka ukurasa mmoja wa historia, kwa tarehe, bila manung'uniko. Hivi:

12 Machi, nilimlipa mwenye nyumba kodi ya miezi mitatu kwa M-Pesa.
3 Aprili, fundi wake alibomoa ukuta wa nyuma, stoo ikabaki wazi.
4 Aprili, nilimpigia simu, akasema atautengeneza wiki hiyo.
9 Aprili, nilimwandikia WhatsApp na picha, hakujibu.

Ukurasa kama huo wakili huusoma kwa dakika mbili akajua aanzie wapi. Chini yake andika swali lako kwa sentensi moja: unataka kubaki, kuhama, kulipwa, au kumaliza kwa amani?

Hatua ya 3: Mtafute, kisha mhakiki

Ofisi nyingi za mawakili ziko Nkrumah Road, Moi Avenue na mitaa ya karibu. Uliza wafanyabiashara wenzako, lakini uliza swali lenye makali. Badala ya "wakili mzuri ni nani?", sema "nani alikuandikia mkataba wa duka, na mkataba huo ulipojaribiwa ulisimama?" Kuna mawakili hodari wa kesi za jinai ambao hawajaandika mkataba wa ugavi hata mmoja. Unayemtaka ni anayeshughulika kila siku na mikataba, upangaji na masuala ya kazi.

Ukipata jina, lihakiki. Wakili wa Kenya lazima awe na cheti cha kufanya kazi cha mwaka husika, na cheti hicho huhuishwa kila mwaka. Chama cha Mawakili Kenya, LSK, kina sehemu kwenye tovuti yake ambapo unaandika jina na kuona kama anaruhusiwa kufanya kazi sasa. Oktoba 2023 nchi nzima ilizungumzia kijana aliyedaiwa kusimamia kesi mahakamani ilhali si wakili. Kama mahakama yenyewe inaweza kupitiwa hivyo, wewe dukani usione aibu kuhakiki.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya sana. La kwanza ni muhuri. Mtu huandika makubaliano mwenyewe, akayapeleka kwa kamishna wa viapo, yakagongwa muhuri, akaondoka akiamini wakili ameyapitisha. Muhuri huo unathibitisha kiapo au sahihi iliyotiwa mbele yake. Hausemi kwamba makubaliano ni mazuri kwako. La pili ni wale wanaoandaa karatasi vibandani na saiba. Sheria ya Mawakili inamkataza mtu asiye wakili kuandaa hati za uhamisho wa mali, za kuunda kampuni na za ushirika wa biashara. Hati iliyoandaliwa na wakili huwa na jina na anwani ya aliyeiandaa. Itazame pale chini: kama hapana jina, uliza ni kazi ya nani.

Na usimtumie wakili wa upande wa pili. Mwenye nyumba atakwambia wakili wake ataandika mkataba, na mara nyingi wewe mpangaji ndiye utakayeombwa kulipa ada hiyo. Lipa kama mmekubaliana, lakini kumlipa hakumfanyi kuwa wako. Anatetea maslahi ya aliyemtuma, na ndivyo inavyompasa.

Hatua ya 4: Kubalianeni bei kwa maandishi

Woga wa bei ndio unaowazuia wengi kubisha hodi, na mara nyingi hawajauliza hata bei yenyewe. Uliza kwa simu: kupitia mkataba wa kurasa nane na kunieleza kwa Kiswahili, ni kiasi gani? Kuandika barua ya madai? Kuandika mkataba wa ajira ambao nitautumia kwa wafanyakazi wote?

Kwa kazi kadhaa ada ina kima cha chini kilichowekwa na amri ya malipo ya mawakili, na wakili haruhusiwi kushuka chini yake. Anayekupa bei ya kutupa kwa kazi ya namna hiyo anapaswa kukutia shaka. Kwa kazi za ushauri kuna nafasi zaidi ya kuelewana. Uliza kama bei imejumuisha VAT ya asilimia 16, na gharama za nje kama ada za serikali, sachi ya ardhi (kupekua rejista) na nakala ziko upande wa nani. Kisha omba barua fupi yenye kazi, bei na muda. Pesa ya kushikiliwa kwa niaba yako, kama amana ya duka, iingie kwenye akaunti ya wateja, ambayo wakili anatakiwa kuitenga na pesa yake mwenyewe. Chukua risiti kila mara.

Njia moja nzuri ambayo haitumiki vya kutosha: wapangaji wa jengo moja hupewa mkataba unaofanana, neno kwa neno. Wakiwa sita, waende kwa wakili mmoja, wagawane ada, na wakirudi kwa mwenye nyumba warudi na maombi mamoja.

Hatua ya 5: Anza na mkataba wa duka

Hapa ndipo nimeona watu wakiumia zaidi, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Kabla ya kuzungumzia kodi, uliza ardhi ni ya nani. Pwani tuna jambo ambalo bara halizoeleki, nyumba bila ardhi: jengo ni la mtu mmoja, kiwanja ni cha mwingine, na mwenye jengo hulipa kodi ya ardhi. Mwenye ardhi akigombana na mwenye jengo, wewe uliye ndani unaweza kujikuta huna la kushika. Majengo mengine ni mali ya wakfu. Mengine ni ya marehemu, warithi hawajagawana, na ndugu wawili kila mmoja anataka kodi iingie kwenye simu yake. Wakili atafanya sachi kwenye rejista ya ardhi, na kama mwenye mali amefariki atataka karatasi za mahakama zinazoonyesha nani amepewa kusimamia mirathi. Kazi hiyo ya siku chache hukuepusha kulipa kodi kwa mtu asiye na haki ya kuipokea.

Mwenye nyumba wa makamo atakuuliza: "Mwanangu, sisi ni watu wa mtaa mmoja, karatasi ya nini?" Mjibu kwa adabu: "Mzee, mimi na wewe tunaaminiana. Karatasi ni ya watoto wetu, hatujui kesho duka litakuwa na nani na nyumba itakuwa na nani." Sijaona mzee aliyekasirikia jibu la namna hiyo.

Kisha soma vipengele. Chukua hiki, kilicho kwenye mikataba mingi ya mjini: "Mpangaji atagharamia ukarabati wote." Neno "wote" linabeba paa. Kwa hewa yetu ya chumvi mabati huliwa na nondo huvimba ndani ya zege, na ukitia sahihi hapo umejitwika jengo la mtu. Wakili atalibadilisha liwe ukarabati wa ndani, uchakavu wa kawaida ukitolewa, na paa, kuta za nje na mabomba makuu yabaki kwa mwenye nyumba. Au hiki: "Kodi itaongezwa mwenye nyumba atakapoona inafaa." Hicho kinatakiwa kiwe na asilimia na mwaka.

Sasa kuhusu muda. Kenya ina sheria inayowalinda wapangaji wa maduka, mahoteli na sehemu za chakula, Sura ya 301. Inakulinda kama upangaji wako haukuandikwa, au umeandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano, au una kipengele cha kuuvunja ndani ya miaka hiyo mitano bila kosa la mkataba. Ukiwa chini ya sheria hiyo, mwenye nyumba hawezi kukutoa wala kubadilisha kodi kwa neno la mdomo. Anatakiwa akupe notisi kwa fomu iliyowekwa, yenye sababu, na isianze kufanya kazi kabla ya miezi miwili tangu uipokee. Hana ruhusa ya kukuwekea kufuli akiamka asubuhi.

Lakini ulinzi huo una masharti yake. Notisi halali ukiipuuza, tarehe yake ikifika itafanya kazi. Unatakiwa umjibu mwenye nyumba ndani ya mwezi mmoja kwamba hukubali, na upeleke pingamizi kwenye Mahakama Maalumu ya Kodi za Majengo ya Biashara kabla ya tarehe ya notisi kuingia. Ndiyo maana nilisema barua isilale kwenye droo. Watu huenda kumbembeleza mwenye nyumba wiki baada ya wiki, naye anawaahidi, na siku zinakwisha. Mbembeleze ukitaka, huku pingamizi limeshaingia.

Pia tazama muda ulioandikwa. Ukipewa mkataba wa miaka mitano na miezi mitatu, ujue ile miezi mitatu ina kazi yake: inakutoa nje ya ulinzi wa Sura ya 301. Si lazima ukatae. Muda mrefu unaweza kukufaa kama unatia pesa nyingi kwenye rafu, vigae na majokofu. Ila hapo ngao yako ni mkataba peke yake, na kila neno lake litazamwe na wakili wako.

Halafu gudwili, yaani pesa anayodai mpangaji anayetoka ili akuachie duka. Duka zuri karibu na Marikiti au Mwembe Tayari haliachwi bure: anayetoka anataka gudwili, na pesa hiyo huenda mkononi bila risiti. Mwezi wa pili mwenye nyumba anasema hakumjua mtu wala hakuridhia mpangaji mpya. Wakili atataka makubaliano ya watu watatu, anayetoka, anayeingia na mwenye nyumba, yaliyotiwa sahihi kabla ya pesa kuvuka meza.

Mkataba ukishatiwa sahihi, ulipiwe ushuru wa stempu ndani ya siku 30. Usiolipiwa unaweza kukataliwa kortini kama ushahidi siku utakapouhitaji.

Hatua ya 6: Andikeni ushirika mkiwa bado mnapendana

Wawili wanaagiza vipuri Dubai. Mmoja ana pesa, mwingine anajua soko. Wanagawana nusu kwa nusu, kwa mdomo, na mambo yanakwenda vizuri hadi mmoja anataka kutoa faida aoe na mwingine anataka iingie kwenye kontena la pili. Hapo hapana mwizi wala mjinga. Kinachokosekana ni karatasi.

Wakili atawauliza maswali ambayo marafiki huyaonea haya. Nani alitia nini, na je, kazi ya mikono imehesabiwa kuwa mtaji? Nani anatia sahihi benki? Mmoja akitaka kutoka, hisa yake inapimwa vipi na inalipwa kwa muda gani? Akifa, mke au watoto wake wanaingia dukani au wanalipwa? Katika ushirika wa kawaida deni alilochukua mwenzako kwa ajili ya biashara ni lako pia, kwa hivyo mkataba utaje kiwango ambacho hakuna anayekipita bila sahihi ya pili.

Ndugu wa damu nao waandike. Wao hasa.

Hatua ya 7: Mkataba wa ajira na namna ya kuachana

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka ajira ya miezi mitatu au zaidi iandikwe, na anayetakiwa kuiandika ni mwajiri. Kibarua naye habaki kibarua milele: akifanya kazi mfululizo hadi siku zikatimia mwezi, au akipewa kazi ambayo haiwezi kumalizika ndani ya miezi mitatu, sheria huanza kumhesabu kama mwajiriwa wa kawaida, na ana haki zake za notisi na likizo. Kwa mishahara ya chini kabisa, Mombasa huwekwa kundi la juu pamoja na Nairobi na Kisumu, kwa hivyo usinakili viwango vya mji mdogo.

Gharama kubwa hutoka kwenye kufukuza. Umemkamata muuzaji na upungufu kwenye droo, umemwambia atoke asirudi. Hata kama aliiba kweli, sheria inataka umweleze kosa kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake wa kazini kama atataka, na umsikilize kabla ya kuamua. Usipofanya hivyo, Mahakama ya Ajira na Uhusiano wa Kazi inaweza kukuamuru umlipe hadi mishahara ya miezi 12, naye ana miaka mitatu ya kukushtaki. Muombe wakili akuandikie mara moja vitu vitatu: mkataba wa ajira, barua ya kumtaka mfanyakazi ajieleze, na fomu ya kumbukumbu za kikao. Vikae kwenye faili. Vitatumika kwa kila mfanyakazi, na adabu ya kumsikiliza mtu kabla ya kumkatia riziki ni jambo jema hata kama hapangekuwa na sheria.

Hatua ya 8: Kuuza kwa mkopo na kudai

Wanaopeleka samaki, mboga au nguo za kufuliwa kwenye mahoteli ya Nyali na Bamburi wanajua: msimu wa wageni ukipungua, malipo ya siku 30 huwa ya siku 90. Wakili akuandikie masharti ya ugavi ya ukurasa mmoja yenye siku za kulipa, nani ana ruhusa ya kutia sahihi kwenye delivari (hati ya kupokea mzigo), na nini kinatokea malipo yakichelewa.

Muhimu kuliko hayo, ujue unamdai nani. Jina lililo kwenye bango la hoteli si lazima liwe jina la kampuni inayoiendesha. Ankara ikiandikwa jina la bango, na kampuni ya nyuma ikabadilika, utazunguka sana ukitafuta mdaiwa. Sachi ya BRS, ile inayotoa CR12, hukuonyesha wakurugenzi na wenye hisa wa kampuni. Fanya hivyo kabla ya kupeleka mzigo wa kwanza.

Asipolipa, barua ya madai ya wakili hutangulia, na wadaiwa wengi huamka hapo. Isipotosha, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, na Mombasa ipo. Inasikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000 ya bidhaa, huduma na pesa, na inatakiwa imalize ndani ya siku 60 tangu kufungua. Unaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Kwa deni la kawaida lenye delivari zilizotiwa sahihi ningekushauri ufanye hivyo, baada ya kulipia saa moja ya ushauri. Migogoro ya ajira na ya ardhi haiingii humo. Deni la mkataba lina miaka sita ya kudaiwa kortini, lakini ushahidi hauozi taratibu hivyo: simu hupotea, karani huhama.

Waagizaji wa kontena nao waandikiane na ajenti wao wa bandarini. Siku za bure zikipita, gharama za kuhifadhi na za kuchelewesha kontena huanza kukimbia, nyingine kwa dola. Karatasi iseme nani anazibeba kama kosa ni la ajenti, kwa mfano akichelewa kuwasilisha hati ulizompa kwa wakati.

Hatua ya 9: Kabla ya kutia sahihi ya benki

Wakili anayeandaa hati za mkopo ni wa benki, hata kama ada yake inakatwa kwako. Mpelekee wako ile barua ya mkopo kabla ya kuikubali. Atafute dhamana binafsi, maana hiyo ndiyo inayovunja kinga ya kampuni: umeunda kampuni ili nyumba yako iwe salama, kisha unatia sahihi kwamba kampuni ikishindwa utalipa wewe. Mwombe ajadili kiwango cha mwisho cha dhamana na siku itakayokwisha. Kama ni nyumba ya familia, sheria ya mali ya ndoa ya mwaka 2013 inataka ridhaa ya mume na mke wote wawili, na ridhaa hiyo iwe ya mtu aliyeelewa anachokubali.

Tangu mwaka 2017 mali inayohamishika pia inaweza kuwekwa rehani na kuandikwa kwenye rejista ya mtandaoni: bidhaa dukani, cherehani, jokofu, hata madeni unayowadai wateja. Kwa hivyo unaponunua mashine ya mtumba yenye thamani, rejista hiyo itazamwe kwanza. Muuzaji anaweza kuwa ameshaiweka kwa mkopeshaji.

Hatua ya 10: Jina, picha na barua ya KRA

Kusajili jina la biashara hakumzuii mwingine kutumia alama yako. Alama husajiliwa kwenye Taasisi ya Mali ya Viwanda Kenya, KIPI, kwa miaka kumi inayohuishwa. Biashara Street, mtaa wetu wa leso, inajua thamani ya alama: leso yenye maandishi "Mali ya Abdulla" mnunuzi huichukua kwa kuitambua tu.

Picha za wateja usizitie mtandaoni bila idhini. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi Sh1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila ridhaa yake. Wenye saluni na wapambaji wa harusi, hili linawagusa moja kwa moja: mwandikishe bibi harusi idhini siku ya kuweka nafasi.

Na ukipokea makadirio ya ushuru kutoka KRA usiyoyakubali, una siku 30 za kupinga. Mhasibu na wakili wakae pamoja wiki ya kwanza, kwa sababu pingamizi lisilo na hesabu halifiki mbali, na hesabu isiyo na sababu za kisheria vilevile.

Hatua ya 11: Msipoelewana na wakili wako

Wakili asiyejibu simu wala kukueleza kesi imefika wapi, mwandikie barua, taja tarehe na ulichomlipa, na omba majibu kwa maandishi. Asipojibu, kuna Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili na LSK yenyewe. Una haki ya kubadilisha wakili wakati wowote. Yeye naye ana haki ya kushikilia faili hadi alipwe ada aliyoifanyia kazi. Kwa hivyo lipa unachodaiwa kihalali, chukua faili lako lote pamoja na hati asilia, uhesabu kurasa pale pale mezani, ndipo utie sahihi ya kulipokea.